Kijiji cha Mawe Kilichobadilishiwa Watu

Chuoni, nilipokuwa mtoto wa miaka saba, mwalimu wetu alitusomesha ile sura fupi ambayo Mwenyezi Mungu ameapa ndani yake kwa tini na zeituni, nasi tukaihifadhi huku tukiyumba vichwa na jicho moja likiitazama bakora. Zeituni niliijua kwa kichupa cha mafuta alichokiweka bibi yangu kwa ajili ya masikio yanayouma. Tini sikuijua kabisa. Miti yenyewe, mmoja kando ya mwenziwe, sikupata kuiona mpaka nimekwisha kuota mvi, tena si Hijazi wala Shamu, bali mlimani huko Uturuki, karibu na bahari ya Aegean, katika kijiji kiitwacho Şirince. Wenyewe hulitamka "Shirinje".

Wasomaji wapenzi, nitawaombeni mnifuate taratibu, kwani mlima haupandwi kwa pupa.

Kutoka mji wa İzmir nilipanda treni hadi mji mdogo wa Selçuk. Reli ile ilijengwa na Waingereza katika zama za dola ya Uthmaniya, ikafika pale mwaka 1862, yaani miaka 34 kabla ya wao kuanza kutandika reli yetu ya Mombasa. Ilikuwa siku ya Ijumaa, nikaswali katika msikiti wa İsa Bey, uliojengwa mwaka 1375. Fundi wake alitoka Damascus, na baadhi ya nguzo zake zilitoka katika magofu ya Efeso ya kale, mji mkubwa wa Warumi ulio karibu na hapo. Ukisimama nje ya msikiti huo unaiona nguzo moja peke yake imesimama bondeni. Ndiyo iliyosimamishwa tena katika hekalu la Artemis, ambalo watu wa kale walilihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia.

Na hapo hapo, ubavuni mwa kilima kilicho kando ya Efeso, kuna pango. Wenyeji watakwambia kuwa ndilo pango la As-habul Kahf, wale vijana waliolala na mbwa wao miaka mia tatu na tisa. Tarsus nako wana pango lao, na karibu na Amman kuna jingine, na kila watu husema lao ndilo. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimba pale katika miaka ya 1920 walikuta kanisa na makaburi mengi, maana Wakristo nao wana kisa chao cha vijana hao. Mimi nilisimama mlangoni nikamkumbuka yule mmoja wao aliyetumwa mjini na sarafu ya fedha akanunue chakula. Ule mji alioujua jana yake, kwa hesabu yake mwenyewe, ulikuwa una watu wengine.

Fikra hiyo nilipanda nayo mlimani, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kutoka Selçuk hadi Şirince ni kama kilomita 8, na gari lake ni lile wanaloliita "dolmuş", neno lenye maana ya "iliyojaa". Sina haja ya kumweleza mtu wa Mombasa zaidi ya hapo. Njia hupinda kati ya mizeituni, mitini na mipichi, kisha ghafla kijiji kinakutokea kimekaa ubavuni mwa mlima kama watu waliokaa ngazi kwa ngazi kutazama ngoma. Nyumba zimepangwa hivi kwamba hakuna inayomzibia mwenziwe bonde. Chini ni ukuta mnene wa mawe, ambako zamani waliweka mitungi ya mafuta na wanyama. Juu ni orofa ya mbao na fito iliyopakwa chokaa nyeupe, imetokeza mbele kidogo juu ya njia, na madirisha yamepangwa karibu karibu. Paa ni la vigae vyekundu. Mimi niliyelelewa chini ya boriti za mikoko, kati ya kuta zenye zidaka, nilipoingia nyumba ya kwanza niliweka kiganja ukutani kabla ya kuvua viatu. Baridi yake ni ile ile.

Jina la kijiji lina kisa. Zamani kiliitwa Kırkınca, kisha kikaitwa Çirkince, ambalo kwa Kituruki lakaribia kusema "kibaya kibaya". Husemwa kuwa wenyewe walijiita hivyo makusudi ili wageni wasiwafuate huko juu. Hilo halinishangazi, kwani nasi twajua mama aliyempa mwanawe jina la taabu ili kumkinga na kijicho. Mwaka 1926 liwali wa İzmir, Kazım Dirik, alilibadilisha likawa Şirince, yaani "kizuri kizuri". Lakini lilipobadilishwa jina, waliojiita wabaya hawakuwako tena.

Waliojenga nyumba hizi walikuwa Wagiriki, Wakristo wa madhehebu ya Othodoksi na raia wa dola ya Uthmaniya, walioishi kwa tini na zeituni. Mwaka 1919 jeshi la Ugiriki lilishuka İzmir, vita vikapiganwa miaka mitatu, na jeshi hilo liliposhindwa mwaka 1922 Wagiriki wa pwani ile walikimbia kwa mashua na kwa miguu. Kisha tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne katika nchi ya Uswisi, serikali mbili zilitia sahihi mkataba wa kubadilishana watu. Kubadilishana watu, msomaji, kama wafanyabiashara wabadilishanavyo magunia. Wakristo wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia, na Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 wakapelekwa Uturuki. Kipimo hakikuwa lugha wala mahali pa kuzaliwa, kilikuwa dini. Muislamu wa kisiwa cha Krete asiyejua neno la Kituruki alipakiwa merikebuni kuja Uturuki, na Mkristo wa bara la Anatolia aliyeomba Mungu wake kwa Kituruki akapelekwa Ugiriki. Waliosamehewa ni Wagiriki wa Istanbul na Waislamu wa Thrace ya magharibi.

Waturuki huliita jambo hilo "mübadele". Sikuhitaji mkalimani. Ni neno lile lile la Kiarabu lililotuzalia sisi "badili" na "badala".

Waislamu walioletwa Şirince walitoka pande za Kavala, kaskazini ya Ugiriki. Huko ndiko alikozaliwa Muhammad Ali Pasha wa Misri, ambaye mjukuu wake, Khedive Ismail, alituma merikebu kuteka Barawa na Kismayu mwaka 1875. Dunia ni ndogo kuliko ramani yake. Basi watu hao wa Kavala walikuwa wakulima wa tumbaku. Walipewa mlima wenye mizeituni wasiyoijua na mitini wasiyojua majira yake. Mwandishi wa Kituruki Sabahattin Ali ana hadithi kuhusu kijiji hiki, katika kitabu chake cha mwaka 1947, ya mtu aliyekiona kikiwa kimestawi utotoni mwake akarudi ukubwani akakikuta kimechakaa. Na upande wa pili wa maji, Bibi Dido Sotiriou, mzaliwa wa Aydın, jirani na huku, aliandika mwaka 1962 riwaya ambayo shujaa wake ni mkulima wa mlima huu huu. Wagiriki waliisoma kwa machozi, na Waturuki wakaifasiri kwa lugha yao.

Nilifikia katika nyumba ya mama mmoja wa makamo. Majirani humwita "teyze", ndiyo kusema khale, nami nikamwita hivyo hivyo. Mpwawe alisoma chuo cha dini akajua Kiarabu cha vitabuni, na changu nacho ni cha vitabuni, tukawa twazungumza kama makadhi wawili juu ya habari za jikoni. Kahawa ililetwa kwa "fincan", nami nikaomba fenjani la pili. Chumbani palikuwa na "sandık", sanduku la mbao lililotoka Kavala na babu yake mwaka 1924.

"Bibi yangu," alisema, "alikaa miaka bila kulifungua sanduku lote. Alitoa nguo za kuvaa tu. Alisema, hii ni nyumba ya watu, watarudi, nasi tutarudi kwetu."

Nikamwuliza: na walirudi?

"Wajukuu zao huja. Wakati wa kiangazi zaidi. Husimama pale njiani wakatazama madirisha, mmoja ana picha mkononi. Watalii wengine wote hugonga, huuliza bei ya chumba, huuliza choo. Hawa hawagongi. Ndivyo ninavyowajua. Nikimwona mtu amesimama muda mrefu wala hagongi, humfungulia."

Huwatia ndani, huwaachia waende peke yao chumba baada ya chumba. Mwanamke mmoja kutoka Ugiriki aliomba udongo wa uani akautia katika leso. Mwingine, mzee, hakuomba kitu. Aliuendea ukuta mmoja, akapeleka mkono kwenye kishubaka, akasema kwa Kigiriki maneno ambayo teyze hakuyafahamu, kisha akaketi akanywa kahawa. Mwaka uliofuata aliwaletea picha ya nyumba ya Kavala ambayo babu wa teyze aliiacha. Alikwenda akaitafuta mwenyewe. Ingali yasimama. Picha hiyo sasa imetundikwa juu ya lile sanduku.

Nitakuwa mnafiki nikisema kijiji chote kina harufu ya udi namna hiyo. Njia za chini zimejaa maduka ya mvinyo wa matunda, na vijana wenye vikombe vidogo humzuia kila apitaye aonje. Mimi nilipewa sharubati ya makomamanga nikashukuru. Mwaka 2012 kulienea uvumi kwamba dunia itakwisha tarehe 21 Desemba kwa kalenda ya watu wa Maya wa Amerika, na kwamba Şirince ni miongoni mwa pahala pachache patakaposalimika. Waandishi wa habari walijaa kuliko waliokuja kujiokoa. Kiyama hakingoji kalenda ya mtu, lakini vyumba vilipanda bei.

Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1805, limetengenezwa kwa msaada wa fedha kutoka Marekani. Nyumba nyingi nazo zimefufuliwa, na miongoni mwa waliotangulia kazi hiyo katika miaka ya 1990 ni Sevan Nişanyan, Muarmenia wa Uturuki, mtungaji wa kamusi ya asili za maneno ya Kituruki. Mengine aliyoyasema na kuyaandika mtu huyu si ya kupokelewa na sisi. Lakini mkono wake ulijua jiwe na chokaa. Kijiji kilikuwa kimewekwa chini ya hifadhi, na hifadhi haitaki jiwe liguswe bila karatasi. Yeye hakungoja karatasi. Januari 2014 alitiwa gerezani kwa makosa ya kujenga bila idhini, na mwaka 2017 akatoroka akaenda Ugiriki, njia ile ile ya waliojenga nyumba alizozitengeneza. Nimeona magofu mengi kwetu yaliyolindwa vizuri na sheria hadi yakaanguka, kwa hiyo katika kesi hii siwezi kuwa hakimu.

Mwendo wa mguu kutoka hapo kuna kijiji kingine cha mawe, hiki kipya, cha wanafunzi wa hesabu. Kilianzishwa mwaka 2007 na Profesa Ali Nesin, mtoto wa yule mwandishi mcheshi Aziz Nesin. Nilipita wakati wa alasiri, nikakuta vijana wamekaa chini ya miti mbele ya ubao, kama sisi tulivyokaa mbele ya mwalimu wetu, ila bakora sikuiona.

Usiku wa mwisho teyze aliniuliza kama kwetu ziko nyumba za mawe. Nikamweleza. Nikamweleza pia nyumba ya bibi yangu, ile ya kichupa cha mafuta, iliyoko Lamu. Warithi tulikuwa kumi na watatu, tukashindwa kuelewana juu ya dari lililobomoka, tukauza. Hatukufukuzwa na jeshi wala mkataba. Aliyeinunua ni mtu wa Ulaya, na haki yake nitampa: ameitengeneza kwa chokaa, si kwa saruji, na zidaka amezirudisha kama zilivyokuwa. Hulipisha wageni kwa usiku mmoja pesa ambazo bibi hakuzishika kwa mwaka.

"Na wewe ukipita pale?"

Nikasema husimama kidogo.

"Hugongi?"

Mpwawe alilifasiri swali hilo mara mbili, akidhani sikulisikia.

Asubuhi, gari likiwa linangoja lijae, teyze alinitilia mkononi mafurushi mawili ya tini zilizokaushwa. Moja, alisema, ni la njiani. La pili ni la yule atakayenifungulia mlango huko Lamu. La njiani lilikwisha kabla sijafika İzmir. La pili limo kabatini mwangu, Mombasa, na mke wangu amekwisha kuniuliza mara mbili ni la nani.