Uyoga Unaong'aa Gizani

Desemba 1839, George Gardner, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alikuwa akipita usiku katika mitaa ya Natividade, mji mdogo ulio ndani kabisa ya Brazili. Akawaona vijana wakichezea kitu kinachotoa mwanga, akadhani wamekamata kimulimuli mkubwa. Kumbe ulikuwa uyoga. Wenyewe waliuita flor de coco, ua la mnazi, na walijua pa kuupata: chini ya miti mifupi ya jamii ya mnazi, kwenye majani yanayooza. Leo wanasayansi wanauita Neonothopanus gardneri. Jina limemwendea Gardner, ingawa kwa haki wagunduzi ni vijana wale.

Aina za kuvu zinazong'aa zinazojulikana zimepita 100, na nyingi hula miti iliyokufa. Armillaria, jamii inayojulikana katika nyanda za juu za Kenya kwa kuozesha mizizi ya chai, hung'aa nyuzi zake tu, zile zinazotambaa ndani ya mti. Uyoga wenyewe hautoi mwanga. Ndiyo maana anayekutana na gogo la namna hii hudhani uozo ndio unaowaka. Sivyo. Kinachowaka ni kiumbe hai, tena kinahitaji hewa. Robert Boyle alilionyesha hilo huko Uingereza mwaka 1667: aliweka kipande cha mti unaong'aa ndani ya chombo cha kioo, akaitoa hewa, mwanga ukafifia ukapotea, alipoirudisha, ukawaka tena. Wakati huo oksijeni ilikuwa haijagunduliwa.

Hatua za kutengeneza mwanga huo zimefahamika juzi tu, kati ya 2015 na 2018, kwa kazi ya kundi la Ilia Yampolsky wa Urusi na wenzao wa nchi nyingine. Kuvu huanza na asidi ya kafeiki, huigeuza kuwa hispidini, kisha huiongezea hispidini oksijeni ili iwe lusiferini. Kimeng'enya kiitwacho lusiferasi huiunganisha lusiferini hiyo na oksijeni nyingine, na hapo mwanga wa kijani hutoka. Mabaki hayatupwi, hurudishwa kuwa asidi ya kafeiki na kazi kuanza upya.

Lakini mwanga huu ni wa nini? Cassius Stevani wa Chuo Kikuu cha São Paulo na wenzake walikuta kwamba nyuzi za uyoga wa Gardner zina saa yake ya ndani, inayopandisha mwanga usiku na kuushusha mchana. Wakatengeneza uyoga bandia wa plastiki, mwingine ukiwa na taa ndogo ya kijani ndani na mwingine bila taa, wakaupaka gundi na kuuacha msituni. Wenye taa ulinasa mbawakawa, nzi, nyigu na chungu wengi zaidi. Inaelekea wadudu huitwa na mwanga, kisha huondoka wamebeba vijimbegu. Jaribio la namna hiyo nchini Australia, kwa aina nyingine, Omphalotus nidiformis, halikuonyesha wadudu kuvutwa. Kwa maoni yangu, tusitafute jibu moja kwa aina zote: nyuzi zilizojificha ndani ya gogo hazina kijimbegu cha kumkabidhi mdudu, na huenda kwazo mwanga ni matokeo tu ya kemia inayofanya kazi nyingine.

Asidi ya kafeiki imo pia ndani ya mimea, na hilo limefungua mlango mkubwa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wameingiza jeni za kuvu kwenye tumbaku, na miche ikang'aa yenyewe tangu kuota hadi kukomaa, maua yakiwa na mwanga mkali kuliko majani. Walipoweka ganda la ndizi mbivu karibu na mmea, mwanga uliongezeka, kwa sababu ganda hilo hutoa ethilini, gesi ambayo mimea huihisi. Mtafiti sasa anaweza kuona kwa macho yake jinsi mmea unavyoitikia, bila kukata hata jani moja.