Kwa nini joto linawafanya baadhi ya vyura wa milimani kuwa wadogo zaidi

Athari za mabadiliko ya tabianchi mara nyingi huelezwa kwa mafuriko, ukame na maporomoko ya ardhi. Lakini yapo mabadiliko mengine yanayopimwa kwa milimita. Wanasayansi katika nchi kadhaa wamebaini kwamba baadhi ya amfibia, yaani vyura na jamaa zao wenye ngozi laini, wanakomaa wakiwa na miili midogo kuliko watangulizi wao wa miongo michache iliyopita.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika maeneo ya milima kama wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Huko, tarafa ya Gikundamvura, ambayo jina lake la Kinyarwanda lina maana ya "kinachopenda mvua", ni jirani wa bonde la Bugarama, sehemu yenye joto kali na mashamba ya mpunga. Ukiondoka hapo kuelekea milimani, ardhi hupanda hadi kwenye misitu yenye ukungu ya Cyamudongo na Nyungwe.

Vyura wanaishi katika pande zote mbili, bondeni na milimani. Tofauti ni kwamba wale wa milimani wamezoea ubaridi, na joto linapoongezeka hawana pa kwenda isipokuwa juu zaidi.

Ngazi ya joto

Bonde la Bugarama liko takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa nchini Rwanda. Mlima Bigugu, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, una urefu wa mita 2,950. Kwa kawaida, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Maana yake ni kwamba kati ya mashamba ya mpunga na kilele hicho pana tofauti ya takriban nyuzi 12, ndani ya eneo ambalo gari hulivuka kwa saa chache.

Kila aina ya chura ina daraja lake katika ngazi hiyo. Wapo vyura wa matete wa mabonde yenye joto, na wapo wale wa maeneo ya baridi, kama Hyperolius castaneus, anayepatikana kwenye vinamasi vya nyanda za juu za eneo la Bonde la Ufa la Albertine. Chura mwingine wa matete, Hyperolius jackie, alitambuliwa na sayansi kutoka Nyungwe mwaka 2012 tu.

Mkakati wa Rwanda wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, uliotolewa mwaka 2011, ulieleza kwamba wastani wa joto nchini humo ulikuwa umepanda kwa nyuzi 1.4 tangu mwaka 1970. Kwa hesabu ya ngazi ya mlima, ongezeko hilo ni sawa na kumshusha kila kiumbe zaidi ya mita 200 kuelekea bondeni bila yeye kuhama alipo.

Joto linavyopunguza mwili

Amfibia hawazalishi joto la kutosha kuihimili miili yao kama wafanyavyo ndege na wanyama wanyonyeshao. Joto la mwili wa chura hufuata joto la hewa, maji au udongo alimo. Mazingira yakipata joto, shughuli za ndani ya mwili wake huenda mbio na kutumia nishati nyingi zaidi, hata akiwa ametulia chini ya jani. Ikiwa chakula hakiongezeki kwa kiwango hicho, nishati inayobaki kwa ajili ya kukua hupungua.

Sababu ya pili ni unyevu. Chura huvuta sehemu ya hewa anayoihitaji kupitia ngozi, na ngozi hiyo hufanya kazi ikiwa na majimaji. Hewa inapokuwa ya joto na kavu, hulazimika kujificha ili asikauke. Saa anazojificha ni saa ambazo hawindi wadudu.

Sababu ya tatu huanza mapema maishani. Kwa aina nyingi, viluwiluwi wanaolelewa katika maji yenye joto hukua haraka na kugeuka vyura mapema, lakini hutoka majini wakiwa wadogo. Joto huharakisha mabadiliko ya umbo kuliko linavyoharakisha ongezeko la mwili. Anayeanza maisha ya nchi kavu akiwa mdogo mara nyingi hubaki nyuma ya wenzake.

Hata hivyo, si vyura wote wanaopita njia hiyo. Vyura wadogo wa jenasi ya Arthroleptis, waliomo pia katika misitu ya eneo hilo, hutaga mayai kwenye udongo na majani yenye unyevu, na watoto hutoka wakiwa vyura kamili bila kuwa viluwiluwi. Kwao, hatari kubwa ni kukauka kwa tabaka la majani yaliyoanguka msituni.

Ushahidi kutoka milima mingine

Utafiti uliovuta hisia za wengi ulichapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Marekani, akiwemo Karen Lips wa Chuo Kikuu cha Maryland. Walichunguza salamanda, amfibia wenye mikia, katika milima ya Appalachia. Walilinganisha vielelezo vilivyokusanywa kuanzia mwaka 1957 na kuhifadhiwa katika makumbusho, na salamanda waliopimwa katika maeneo yale yale mwaka 2011 na 2012.

Kati ya aina 15 zilizochunguzwa, sita zilikuwa zimepungua ukubwa kwa kiwango cha kuonekana wazi kitakwimu, na moja iliongezeka. Kwa wastani, salamanda waliopimwa baada ya mwaka 1980 walikuwa wadogo kwa asilimia nane kuliko wale wa miongo ya kabla yake. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika maeneo yaliyopata joto na ukavu zaidi.

Mfano ulio karibu zaidi na mazingira ya Rusizi unatoka katika milima ya kitropiki ya kisiwa cha Puerto Rico. Huko anaishi chura mdogo aitwaye coquí, jina lililotokana na mlio wake. Watafiti Peter Narins na Sebastiaan Meenderink walirekodi milio ya madume kwenye mwinuko ule ule wa mlima uliokuwa umerekodiwa miaka 23 kabla. Matokeo yao, yaliyochapishwa pia mwaka 2014, yalionyesha kwamba katika kila kimo milio ilikuwa imekuwa myembamba na mifupi zaidi.

Sauti hiyo ni ushahidi wa ukubwa wa mwili, kwa kuwa chura mdogo hutoa mlio mwembamba kuliko mkubwa. Katika mlima huo, vyura wa chini ni wadogo na wale wa juu ni wakubwa. Hivyo, milio iliyokuwa ikisikika chini ilikuwa imepanda mlima, na kiasi ilichopanda kililingana na ongezeko la joto lililopimwa katika kipindi hicho.

Mjadala wa wanasayansi

Si kila mtaalamu anayekubali kwamba joto pekee linaeleza mabadiliko hayo. Mwaka 2015, watafiti wengine wa salamanda walihoji matokeo ya Appalachia na kutaja maelezo mbadala. Kwa mfano, ikiwa katika mwaka fulani wamezaliwa watoto wengi, wastani wa ukubwa utashuka hata kama hakuna mkubwa aliyepungua. Aidha, wakusanyaji wa zamani huenda walipendelea kuchukua wanyama wakubwa.

Pia joto halileti matokeo ya namna moja kila mahali. Kwenye vilele vyenye baridi kali, ongezeko dogo la joto linaweza kurefusha muda wa kuwinda na kukua, mradi mvua haipungui. Ndiyo maana swali la msingi kwa milima ya Afrika Mashariki na Kati linahusu joto na maji kwa pamoja: je, ukungu, mvua na vinamasi vitadumu kadiri joto linavyopanda?

Gharama ya kuwa mdogo

Mtu anaweza kudhani kwamba mwili mdogo ni nafuu, kwa kuwa unahitaji chakula kidogo. Kwa chura, nafuu hiyo ina gharama. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo, ndivyo eneo la ngozi linavyokuwa kubwa likilinganishwa na maji yaliyomo ndani. Dagaa akianikwa hukauka kwa siku moja ya jua kali, ilhali samaki mnene asipopasuliwa huoza kabla ya kukauka. Chura mdogo yuko upande wa dagaa: ukame humuumiza haraka zaidi, na ukame ndio unaoandamana na joto.

Gharama nyingine iko katika uzazi. Jike mdogo hubeba mayai machache. Utafiti wa Christopher Reading kuhusu vyura wa kusini mwa Uingereza, uliofanyika kati ya mwaka 1983 na 2005, ulionyesha kwamba miaka yenye joto kuliko kawaida iliambatana na kudhoofika kwa miili ya majike, na kwamba wachache zaidi kati yao waliendelea kuishi mwaka hadi mwaka. Majira ya baridi yasiyo makali yaliambatana na majike wadogo na mayai machache. Idadi yote inaweza kuporomoka kwa njia hiyo bila maiti hata moja kuonekana kando ya maji.

Athari hazikomei kwa vyura. Chura hula wadudu, naye huliwa na nyoka, ndege na wanyama wadogo. Mdomo ukipungua, aina ya wadudu anaoweza kuwameza hubadilika. Mwili ukipungua, anayemla hushiba kidogo.

Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2023, iliyohusu zaidi ya aina 8,000 za amfibia, ilibaini kwamba takriban asilimia 41 ziko katika hatari ya kutoweka. Mabadiliko ya tabianchi yalitajwa kuwa chanzo kikuu cha asilimia 39 ya matukio ya hali za amfibia kuzorota tangu mwaka 2004.

Cyamudongo, kisiwa kisicho na bahari

Kwa Rusizi, ugumu wa ziada ni umbo la ardhi yenyewe. Nyungwe, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, ni msitu mkubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na amfibia wake bado wana nafasi ya kupanda juu zaidi. Cyamudongo ni kipande kidogo cha kilomita za mraba chache tu, kilichotenganishwa na Nyungwe baada ya msitu wa kati kukatwa na kugeuzwa mashamba na makazi.

Katika msitu huo mdogo ndimo alimopatikana Boulengerula fischeri, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1994. Ni amfibia asiye na miguu, mwembamba kama mnyoo, anayeishi ndani ya udongo. Wengi wanaolima jirani na msitu wangemdhania kuwa mnyoo. Kiumbe wa aina hiyo hawezi kuvuka mashamba yenye jua na udongo mkavu kutafuta mlima mwingine. Kilele cha Cyamudongo ndicho mwisho wa njia yake.

Kinachoweza kufanyika

Wilaya moja haiwezi kuzuia joto la dunia, lakini inaweza kulinda unyevu. Kivuli cha miti, majani yanayooza ardhini na vinamasi visivyokaushwa, kama kile cha Kamiranzovu ndani ya Nyungwe, hupunguza makali ya joto katika sehemu zile hasa ambako chura hulala, huwinda na kutaga. Kandokando ya Cyamudongo, Chuo Kikuu cha Koblenz cha Ujerumani kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda katika mradi wa kupanda miti pamoja na mazao mashambani, ili kupunguza shinikizo la kuni kwa msitu.

Hatua ya pili ni kupima. Matokeo ya Appalachia na Puerto Rico yaliwezekana kwa sababu kuna watu waliopima na kurekodi wakati ambapo hakuna aliyejua vipimo hivyo vingehitajika kwa kazi gani. Eneo la Albertine nalo lina hazina yake: kati ya mwaka 1933 na 1935, Mbelgiji Gaston-François de Witte alikusanya amfibia wengi katika milima ya Virunga, na baadaye Raymond Laurent aliendeleza kazi hiyo katika ukanda huo. Vielelezo vya zama hizo vinaweza kulinganishwa na vyura wa leo kwa kutumia rula.

Kwa vyura wa Rusizi, kipimo kinachochukuliwa mwaka huu kwenye mteremko wa Cyamudongo ndicho kitakachowawezesha watafiti wa miaka 30 ijayo kusema kwa uhakika ni kiasi gani mlima umebadilika.