Mtunzi Aliyeandika Muziki kwa Nukta

Mwalimu, tafadhali andika maneno haya matatu ubaoni: mtunzi, noti, nukta.

Mtunzi wa muziki ni mtu anayebuni nyimbo, au sauti za kupigwa kwa ala. Noti ni alama inayoonyesha sauti moja ya muziki. Nukta ni alama ndogo kama ile tunayoiweka mwisho wa sentensi.

Sasa sikilizeni. Tarehe 22 Novemba 1901, katika mji wa Sagunto nchini Hispania, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joaquín Rodrigo. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alishikwa na dondakoo, na ugonjwa huo ukampofusha. Alisomeshwa katika shule ya vipofu mjini Valencia. Alipofika miaka minane alianza kujifunza kinanda na fidla. Fidla hupigwa kwa upinde, kama zeze, nayo ina nyuzi nne.

Je, kipofu husomaje? Mwaka 1829 Mfaransa Louis Braille, ambaye naye alipofuka utotoni, alitoa kitabu cha kueleza maandishi ya nukta. Nafasi sita hupangwa katika safu mbili, tatu huku na tatu huku. Katika nafasi hizo, nukta nyingine hutokezwa juu ya karatasi nene, nyingine huachwa. Kwa kuzibadilisha hivyo hupatikana alama 63. Alama hizo hutumika kwa herufi, kwa tarakimu, na hata kwa noti. Msomaji hupapasa kwa ncha za vidole. Lakini mpiga fidla anahitaji mikono yote miwili. Kwa hiyo kipofu hupapasa kwanza, akakariri moyoni, ndipo ashike ala yake.

Mwaka 1927 Rodrigo alikwenda Paris, Ufaransa, akafundishwa utunzi na Paul Dukas. Huko alikutana na Victoria Kamhi, mpiga kinanda kutoka Uturuki. Walioana mwaka 1933.

Sasa tuitazame kazi yake. Rodrigo alitunga kwa mashine ya nukta. Lakini wapiga ala wenye macho hawasomi nukta. Basi ilimpasa amsomee mwandishi noti moja moja: ni sauti gani, ina urefu gani, ni ya ala ipi, ipigwe kwa nguvu au taratibu. Mwandishi aliandika kwa wino. Mkewe alisaidia kusahihisha. Fikirini kazi ya ala nyingi kuandikwa namna hiyo, kutoka mwanzo mpaka mwisho!

Kazi yake mashuhuri ni *Concierto de Aranjuez*, aliyoitunga Paris mwaka 1939. Aranjuez ni mji wenye jumba la mfalme na bustani nzuri, karibu na Madrid. Mwaka huo huo mimba ya mkewe iliharibika. Baadaye mama huyo alieleza kwamba sehemu ya kati, yenye mwendo wa polepole, ilitokana na kumbukumbu za siku zao za furaha na majonzi ya msiba huo.

Kazi hiyo ni ya gitaa na kundi kubwa la ala. Sauti ya gitaa ni ndogo, huweza kumezwa na nyingine. Rodrigo alizipunguza ala nyingine pale gitaa linaposema, ili lisikike. Naye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa! Ilipigwa mara ya kwanza hadharani mjini Barcelona, tarehe 9 Novemba 1940.

Mwaka 1991 mfalme wa Hispania alimpa cheo chenye jina la bustani za Aranjuez. Alifariki Madrid tarehe 6 Julai 1999, akiwa na umri wa miaka 97, akazikwa Aranjuez. Alikuwa akisema kwamba upofu ndio uliomwongoza kwenye muziki.

Jibuni katika madaftari yenu:

1. Rodrigo alipofushwa na ugonjwa gani?
2. Kwa nini mpiga fidla kipofu hukariri noti kwanza?
3. Kwa nini Rodrigo alihitaji mwandishi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.