SANAA NA SOKO ZANZIBAR: Kalenda tatu zinazoamua faida ya mfanyabiashara

Wafanyabiashara wadogo wanaotegemea matamasha ya muziki, filamu na ngoma katika mji wa Zanzibar wana sababu ya kufungua kalenda mapema kuliko walivyozoea. Sehemu kubwa ya Februari 2027, na karibu Februari yote ya 2028, itakuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Hali hiyo haijawahi kulikuta tamasha kubwa la muziki la mji huo, Sauti za Busara, tangu lifanyike kwa mara ya kwanza Februari 2004. Anayeagiza mali kwa mazoea, akidhani Februari ni ile ile ya kila mwaka, anaweza kujikuta na mzigo bila wanunuzi.

Soko lenyewe si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Watalii walioingia Zanzibar walikuwa 638,498 mwaka 2023, wakaongezeka hadi 736,755 mwaka 2024. Lakini wingi wa watu haumsaidii mchuuzi aliyefika na bidhaa katika siku isiyo yake. Kinachotofautisha mwenye faida na mwenye hasara katika biashara ya matamasha mara nyingi ni tarehe, kuliko hata bei.

Ugumu wa Zanzibar ni kwamba shughuli zake za sanaa na utamaduni hufuata kalenda tatu kwa pamoja, na kila moja ina mwendo wake.

Kalenda ya kwanza: msimu wa wageni

Matamasha makubwa yanayovuta watu kutoka nje hufuata kalenda ya kawaida ya Januari hadi Desemba, kwa sababu hutegemea hali ya hewa, ndege na likizo. Sauti za Busara huangukia Februari, wakati upepo wa kaskazi bado unavuma na masika hayajaanza. Maonyesho yake makuu hufanyika Ngome Kongwe, kando ya bustani ya Forodhani, na muziki wote hupigwa moja kwa moja jukwaani. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, maarufu kwa kifupi chake ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza 1998. Kwa kawaida hilo hungoja msimu wa kusi, katikati ya mwaka, mvua za masika zikiisha kukatika.

Mpangilio huu hauna ugeni kwa watu wa pwani. Majahazi ya Ghuba na Bara Hindi yalikuwa yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, na wenye maduka wa zamani walijua kabisa ni mwezi gani wa kujaza ghala na ni mwezi gani wa kukusanya madeni. Siku hizi mgeni anakuja kwa ndege, lakini msimu wake haukwenda mbali na ule wa jahazi. Kati ya Machi na Mei, masika yanapopiga, hoteli nyingi hupunguza bei na nyingine hufunga milango kwa muda.

Kalenda ya pili: mwezi mwandamo

Shughuli nyingi za wenyeji hufuata mwezi mwandamo. Mwaka wake ni mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko mwaka wa kawaida, ndiyo maana Ramadhani, Idi na Maulidi hurudi nyuma kila mwaka. Mfanyabiashara aliyeuza vizuri sikukuu ya mwaka jana hawezi kurudia tarehe zile zile mwaka unaofuata.

Kalenda hii ndiyo inayolisha soko la ndani. Shaabani ni mwezi wa harusi za kuwahi kabla ya mfungo, na siku zake za mwisho ni za vunja jungu, watu wanapotoka kwa makundi kwenda kula na kustarehe. Ramadhani ikiingia, migahawa mingi hufunga mchana na muziki wa hadhara husimama. Biashara haifi, bali hubadili sura: mahitaji ya tende, sukari, unga, nazi, muhogo na ndizi hupanda, na mauzo ya chakula huhamia jioni na usiku. Kumi la mwisho, Darajani hujaa wanunuzi wa nguo na viatu vya watoto. Idi ikifika, fedha huhamia mikononi mwa watoto wenyewe, ambao humwagika viwanja vya sikukuu kama Mnazi Mmoja kununua vitu vya kuchezea, vinywaji na vitafunio. Kwa wakubwa ni wakati wa taarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Baadaye, Mfungo Sita, huja maulidi, na wenye kukodisha mahema, viti, vyombo vya kupikia na vipaza sauti huwa hawakai.

Kalenda ya tatu: mwaka wa Kishirazi

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, haufuati Ramadhani wala haufuati waandaaji. Ni mwaka mpya wa Kishirazi, unaohesabiwa kwa siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo husogea polepole mno na kwa sasa huangukia siku za ishirini na ushei za Julai. Wanaume hupigana kwa mikungu na mashina ya migomba kuondoa kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti huchomwa moto, na ngoma na vyakula hufuata kwa siku kadhaa.

Kwa mchuuzi wa mjini, faida ya sikukuu hii ni uhakika wake. Haina mfadhili anayeweza kujitoa wala tiketi zinazoweza kukosa wanunuzi. Wenye daladala, kanga, soda, barafu na nyama ya kuchoma wanaweza kuipanga miaka mitano mbele na wasikosee kwa zaidi ya siku moja au mbili.

Februari 2027: pale kalenda mbili zinapogongana

Mwaka 2026 Ramadhani inaangukia nusu ya pili ya Februari, hivyo nusu ya kwanza ya mwezi inabaki na nafasi. Mwaka 2027 mfungo unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi, na mwaka 2028 karibu na tarehe 28 Januari. Mwaka 2029 utaanza katikati ya Januari na kufika karibu na katikati ya Februari. Ni mwaka 2030 ambapo karibu Februari yote itakuwa wazi tena. Mwaka huo una jambo jingine la kukumbukwa na wauza vyakula: Ramadhani mbili zitaanza ndani yake, moja mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba.

Kwa tamasha la Februari njia zilizopo si nyingi. Linaweza kuwahi kabla ya mfungo, linaweza kusubiri baada ya Idi, au linaweza kuhamia msimu mwingine. Kila njia ina bei yake sokoni. Likiwahi siku za mwanzo za Februari 2027, litaungana na vunja jungu, na wateja wa aina mbili watakuwa mjini kwa pamoja. Likisubiri baada ya Idi, ambayo mwaka huo inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, litakuwa mlangoni mwa masika, na mvua ni adui wa jukwaa la wazi na wa meza ya mchuuzi.

Upo mfano wa nyuma wa kujifunzia. Ramadhani ilipopita katikati ya mwaka, tamasha la filamu ndilo lililolazimika kuhama. Mwaka 2014 lilifanyika Juni, kabla ya mfungo, na mwaka 2015 likafanyika nusu ya pili ya Julai, baada ya Idi. Katika miaka miwili mfululizo tarehe zilipishana kwa zaidi ya mwezi mmoja. Aliyeagiza mali kwa tarehe za mwaka uliotangulia alikuwa nje ya soko.

Fedha ya tamasha haiko jukwaani

Wawekezaji wadogo wengi huangalia umati na kudhani mwenye tamasha anatajirika. Hali sivyo ilivyo. Tamasha la aina hii hulipa nauli za wasanii, malazi, mitambo, ulinzi na umeme, ilhali kiingilio cha wenyeji huwekwa chini kwa makusudi ili wasifungiwe nje na bei ya watalii. Pengo huzibwa na wafadhili na wadhamini. Wafadhili wakipungua, tamasha husimama. Hilo lilitokea Sauti za Busara ya mwaka 2016, ambayo ilifutwa kwa kukosa fedha, ikarejea Februari 2017.

Fedha inayobaki mjini hupita pembeni mwa jukwaa: nyumba za wageni, teksi, mafundi cherehani, wachoraji wa hina, wauza viungo, vikoi, kofia za kushona kwa mkono na picha za Tingatinga, pamoja na meza za urojo, mishikaki na juisi ya miwa pale Forodhani. Hawa hawana sauti katika kupanga tarehe wala katika kutafuta wafadhili, lakini tamasha likiahirishwa, wao ndio wanaobaki na mali mikononi.

Hesabu ya mfano

Chukua mchuuzi wa kufikirika anayenunua vikoi 60 kwa Sh. 12,000 kila kimoja. Mtaji wake ni Sh. 720,000. Meza inamgharimu Sh. 100,000, nauli na chakula Sh. 80,000. Jumla ametoa Sh. 900,000. Akiuza kila kikoi kwa Sh. 20,000, anarudisha fedha yake akiuza vikoi 45. Akiuza 50, ana ziada ya Sh. 100,000 na vikoi 10 vya kuuza baadaye.

Sasa tuseme Sh. 720,000 ni ya mkopo wa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na ameuchukua mwezi mmoja kabla. Riba ni Sh. 36,000, hivyo ziada yake inashuka hadi Sh. 64,000. Tamasha likisogezwa miezi miwili mbele, riba inafika Sh. 108,000. Mauzo yale yale ya vikoi 50 sasa yanampa hasara ya Sh. 8,000. Bei haikushuka, wateja hawakupungua, wala hakuibiwa. Tarehe peke yake ndiyo iliyokula faida.

La kuzingatia

Kwanza, mali isiagizwe kwa kumbukumbu ya mwaka uliopita. Kwa miaka ya 2027 hadi 2029, malipo ya awali ya bidhaa za tamasha la Februari yasitolewe kabla waandaaji hawajatangaza tarehe, na tangazo hilo lilinganishwe na tarehe inayotarajiwa ya Ramadhani.

Pili, mkopo wa muda mfupi usifungwe kwenye tukio moja. Anayelazimika kukopa aangalie kama bidhaa ile ile inaweza kuuzika Idi au Mwaka Kogwa. Kanga, vikoi, viatu na vinywaji hupita kalenda zote tatu. Fulana iliyochapwa jina la tamasha na mwaka haina soko siku ya pili yake.

Tatu, kwa mwenye akiba ya kuwekeza, chombo cha kukodisha kina usalama zaidi kuliko shehena ya bidhaa za msimu. Mahema, viti, jenereta na vipaza sauti hutafutwa na tamasha Februari, na harusi Shaabani na na maulidi Mfungo Sita. Tukio moja likifutwa, chombo husubiri jingine, na hakiozi wala hakipitwi na mtindo.

Nne, mwenye vyumba vya kulaza wageni asikatae wateja wengine kwa kungoja umati wa Februari kabla tarehe haijathibitishwa. Chumba kilicholala kitupu leo hakiuziki tena kesho.

Kaskazi na kusi havikuwahi kumsubiri mwenye duka aliyechelewa kujaza ghala, na mwezi mwandamo nao hausubiri. Atakayezisoma kalenda tatu kwa pamoja atakuwa na la kuuza hata kama Ngome Kongwe itakuwa kimya mwezi huo.