Kilo ikishaingia ndani ya mnyororo, haitoke tena

Msimu uliopita, kwenye kituo kimoja cha kuoshea kahawa kando ya ziwa Kivu, mama mmoja alirudi mbele ya karani na kikaratasi chake mkononi. Kikaratasi kilisema kilo 62 za serizi. Telefone ya karani ilisema kilo 92. Wengine wangenyamaza na kwenda zao, sababu kosa lilikuwa la kumwongezea. Yeye hapana.

"Papa karani, miye sikuleta kilo makumi kenda na mbili. Mukiacha vile, siku ya risturuni batasema niliiba."

Nilikuwa pale siku ile kwa kazi ingine kabisa, kuangalia vitanda vya kukaushia. Nikaita karani, tukafungua kaye. Ndani ya kaye kila kitu kilikuwa sawasawa: serizi kilo 77 kwenye mizani, zenye kuelea na za kijani kilo 15, inabaki 62. Sasa hiyo 92 ilitoka wapi? Tulitafuta karibu saa nzima. Karani hakuandika namba kwa kidole, aliongea tu na msaidizi wa akili bandia ndani ya telefone, vile alivyofundishwa. Alisema: "Kwa huyu mama, tosha kilo 15."

Sisi wa Kivu tukisema "tosha", tunamaanisha ondoa. Lakini Swahili ambayo mashine ilijifunza, sehemu kubwa imeandikwa Tanzania na Kenya, na kule "kutosha" ni kitu kufika kipimo chake. Msaidizi hakuuliza. Alichukua 77, akajaza 15 juu yake.

Ingekuwa ndani ya kaye, tungepiga mstari, tukaweka sahihi pembeni, kazi imeisha. Lakini kilo zile zilikuwa zimekwisha kuandikwa ndani ya blokucheni. Karani akaambia msaidizi: "Futa." Msaidizi akajibu kwa adabu kabisa: "Nimefuta." Kesho yake asubuhi tukafungua, mstari wa 92 ungali pale.

Ndugu wanachama, wengi wenu mumeanza kusikia jina hili blokucheni kwenye mikutano, kutoka kwa wanunuzi na hata kutoka kwetu wa mradi. Sitaki tulikubali au tulikatae kwa sababu tu ni kitu kipya. Tuangalie kwanza kinafanyaje kazi.

Fikirieni kaye ya kasa. Ukurasa ukijaa, jumla yake inapelekwa juu ya ukurasa unaofuata. Mtu akigeuza namba moja ukurasa wa tatu, jumla haikutane tena na ile ya juu ya ukurasa wa nne, na uongo unaonekana. Blokucheni ni kaye ya namna hiyo. Kila ukurasa unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, namba ndefu inayotoka ndani ya maandishi yenyewe, kama kidole tunachochovya ndani ya wino. Geuza herufi moja tu, kidole kinakuwa kingine. Tena kaye hiyo haiko moja. Nakala zake ziko ndani ya kompyuta nyingi, zinazoitwa nodi, na kila moja inachungulia zingine. Mtu akipasua ukurasa kwake, kwa wengine unabaki. Namna hiyo ya kuandika ilianza kutumika mwaka 2009 pamoja na pesa ya Bitcoin, kisha watu wakaona inaweza kubeba vitu vingine pia.

Kuhudumia nodi hizo si kazi ndogo. Ilikuwa lazima fundi wa kompyuta anayejua lugha ya mashine, akeshe akiangalia kama nakala zinakutana, kama diski haijajaa, kama data mpya zimeingia. Koperative gani ya kijijini inaweza kulipa fundi wa namna hiyo? Ndiyo maana sasa makampuni yanaleta wasaidizi wa kuongea nao. Unauliza kwa maneno ya kawaida: "Loti ya 14 imetoka kwa wanachama wangapi?" Msaidizi anageuza swali lako kuwa lugha ya mashine, anaenda kutafuta ndani ya mnyororo, anarudi na jibu. Unaweza hata kumwambia afungue loti mpya, au aangalie kwa nini data za jana hazijafika.

Na ninasema wazi: kwa kuuliza, kitu hiki ni kizuri. Niliona jeran mmoja ambaye zamani alikuwa anamaliza siku tatu na kalkileta akitengeneza orodha ya loti moja kwa ajili ya mnunuzi. Safari hii alimaliza kabla ya chakula cha mchana, na muda uliobaki akaenda kuangalia mabwawa ya kuchachushia, pahali kahawa yetu inapoharibikia kweli.

Sababu ya haraka hii yote munaijua. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria nambari 2023/1115, mwaka 2023. Kahawa na kakao zinazoingia kule zionyeshe zimetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikukatwa ndani ya pori baada ya tarehe 31/12/2020. Shamba lisilozidi hekta 4, pointi moja ya GPS inaenea, yenye tarakimu sita nyuma ya koma. Likizidi hekta 4, lazima mzunguko wote. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza data. Mukumbuke jambo moja: sheria hiyo haisemi popote kwamba lazima blokucheni. Inataka data za kweli. Mtu akija kuwaambia "bila blokucheni kahawa yenu haitauzwa Ulaya", anauza bidhaa yake.

Sisi hapa tuna somo la zamani kuhusu jambo hili. Nani wa Kivu hajaona etiketi za mifuko ya madini? Etiketi ina namba, namba ina kaye, kaye ina sahihi. Na bado kila mtu anajua kwamba etiketi safi inaweza kufungwa kwenye mfuko uliotoka pahali pengine. Mwaka 2019 makampuni makubwa, IBM na Ford pamoja na Huayou Cobalt na LG Chem, walitangaza jaribio la kufuata kobalti ya Congo kwa blokucheni. Teknolojia ni ya hali ya juu, lakini swali linabaki lilelile kwa kobalti na kwa kahawa: ile namba ya kwanza, pale kwenye mizani, iliandikwa na nani, na nani alikuwa anaangalia? Mnyororo unalinda kilichoandikwa. Hauwezi kujua kama ni kweli. Ukiingiza kilo 92 za uongo, utazilinda kilo 92 za uongo kwa uaminifu mkubwa, miaka yote.

Ndiyo maana kosa la "tosha" lilinishtua kuliko vile wenzangu walivyofikiri. Wao walicheka. Mimi nilifikiri juu ya mashamba ya kando ya ziwa, ambako kahawa inaweza kuvuka usiku kwa mtumbwi, na ambako kilo 30 zilizo ndani ya mashine bila kuwa ndani ya gunia ni nafasi ya mtu kuingiza kilo 30 zake kutoka pengine. Mama yule aliona hatari hiyo kabla ya sisi wenye diploma.

Baada ya siku ile tulikaa na komite na kujaribu msaidizi yule kwa makusudi. Tulimuuliza vitu ambavyo jibu lake tulilijua tayari ndani ya kaye. Mara nyingi alijibu vizuri. Halafu sekretere, mama mwenye akili kali, akasema: "Mumuulize juu ya muntu asiyekuwako." Tukamuuliza kuhusu mwanachama wa namba 900. Koperative ile haifike wanachama 400. Msaidizi akatoa jibu: kilo, tarehe, hata na kijiji. Mashine za namna hii zinatunga sentensi inayofanana na kweli. Zikikosa kitu, mara zingine zinakijaza zenyewe, kwa sauti ileile ya kujiamini. Kwa hiyo kila jibu lake lazima lionyeshe mstari wa mnyororo ambamo limetoka, na karani aufungue auone kwa macho. Jibu lisilo na mstari, tulihesabu kama uvumi wa sokoni.

Tulikata pia kwamba msaidizi asome tu, asiandike. Fundi wa kampuni hakufurahi, alisema tunapoteza nusu ya faida. Labda. Lakini kusoma vibaya kunarekebishwa kwa kusoma tena, na kuandika vibaya munaona wenyewe kunaleta nini. Sasa msaidizi anatayarisha mstari, anausoma kwa sauti mbele ya mwenye kahawa: "Serizi kilo 77, zimeondolewa 15, zinabaki 62." Mwenye kahawa akikubali, inaandikwa kwanza ndani ya kaye na kwenye kikaratasi, na jioni watu wawili wanaweka sahihi ndipo siku nzima iingie ndani ya mnyororo. Mtandao ukikatika, na unakatika, kaye inangoja. Hakuna mtu anayerudishwa nyumbani na serizi zake eti hakuna rezo.

Kuhusu sahihi, hapo ndipo nataka tukae kidogo, sababu ndipo niliposikia majibu mabaya zaidi. Kuandika ndani ya mnyororo kunahitaji funguo ya siri, namba ndefu. Anayeishika ndiye anayeonekana kuwa koperative. Nikauliza: funguo yetu iko wapi? Ilikuwa kwa kampuni, ndani ya kompyuta yao, na msaidizi alikuwa anaitumia kwa niaba yetu. Yaani muhuri wa koperative ulikuwa unakaa kwa mtu wa inje, na mashine inaupiga. Kuna namna ya kufanya kama konti ya banki: sahihi mbili kati ya tatu, prezida, mwenye kasa na jeran. Bila wawili, hakuna kinachoandikwa. Tuliiomba, ilichukua wiki tatu za barua, tukaipata. Mashine pia inaweza kudanganywa. Mtu anaweza kuficha amri ndani ya faili anayowatumia, na msaidizi anayesoma faili hiyo anaweza kuifuata akifikiri ninyi ndio mumesema. Kama hana ruhusa ya kuandika, amri hiyo inaanguka chini.

Na majina? Hapa ninaomba wanachama wasikilize vizuri kuliko pengine pote. Kitu kisichofutika ni kizuri kwa kilo, ni kibaya kwa watu. Jina lako, namba ya telefone, pahali shamba lako liko mpaka tarakimu sita nyuma ya koma, na kiasi cha makuta ulichopokea msimu huu: katika inchi yetu, na usalama tulio nao, nani anataka orodha hiyo ibaki wazi milele ndani ya kompyuta za watu asiowajua? Hakuna ulazima. Data zenyewe zinaweza kubaki ndani ya kompyuta ya koperative, na ndani ya mnyororo kuingie kile kidole tu, namba isiyosomeka. Mnunuzi akipewa orodha anaweza kuhakikisha haikuguswa, na asiyepewa haoni kitu. Tena ni bei ndogo, sababu kwenye minyororo mingi ya wazi kila maandishi yanalipiwa, na kidole kimoja kwa siku hakilingane na mistari mia nne. Siku mwanachama akitaka kutoka, jina lake linaondolewa kwetu kweli kweli.

Mstari wa yule mama hatukuweza kuuondoa. Chini yake tuliandika mwingine: punguza kilo 30, kosa la kuandika, na majina ya cheo ya waliotia sahihi. Alidai tumsomee mara mbili, akachovya kidole kwenye kaye, akachukua kikaratasi kipya, kile cha zamani pia hakukiacha. Orodha ya maneno yetu ambayo mashine inaelewa vibaya imefika 23 sasa, karani anaitunza nyuma ya kaye, na kama munayo mengine kwenu mutuletee.

Kitu kimoja bado hakijapata jibu. Kwa sasa ni mradi unaolipa kampuni kila mwezi, na mradi una mwisho wake. Nani atalipa baadaye, na tukishindwa kulipa tutaweza kufungua data zetu wenyewe? Tuliomba kampuni itupe kila mwisho wa mwezi nakala nzima ndani ya faili ya kawaida, inayofunguka bila msaidizi. Nakala ya kwanza imefika, iko kwenye kifunguo cha USB ndani ya sanduku la kasa. Ya pili tunaingoja.