Kukonda kwa Mawazo: Jambo la Kujadiliwa na Kamati za Usharika



Katika toleo hili tunazungumzia uzito wa mwili wa akina mama, na jinsi mawazo yanavyoupunguza au kuuongeza. Hapa Lupaso, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Masasi na Newala, mama akipungua mwili majirani husema amekonda kwa mawazo, au hunong'ona kwamba ana UKIMWI. Akinenepa, husifiwa kwamba ametunzwa vizuri nyumbani. Maneno haya yanaonekana madogo, lakini yanawafanya wengine wachelewe kwenda kupimwa.

Hofu hii ilianzia wapi?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Wagonjwa wa miaka ile walidhoofu sana, na nchini Uganda wananchi waliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya wembamba. Tangu hapo, kukonda kumechukuliwa kama ushahidi. Kwa hiyo mama mwenye shinikizo la damu au kisukari, akishauriwa kupunguza uzito, husita kwa kuogopa kusemwa. Lakini dawa za ARV zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na wengi wanaozitumia wana afya njema na miili yenye nguvu. Macho ya jirani si kipimo cha VVU.

Mawazo yanafanya nini mwilini?

Mtu akipata hofu ya ghafla, mwili hutoa homoni ya adrenalini. Moyo hudunda haraka na hamu ya chakula hukatika. Hofu ikidumu kwa wiki na miezi, tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni nyingine, kotisoli. Hii huongeza sukari katika damu, huamsha hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta, na husaidia mafuta kujikusanya tumboni. Usingizi nao hupungua, na mtu asiyelala vizuri husikia njaa zaidi. Ndiyo maana akina mama wawili wenye shida moja wanaweza kutofautiana: mmoja anakonda, mwingine ananenepa. Wote wawili wanahitaji msaada.

Shida zenyewe ni za kweli. Familia hugharamia palizi na salfa miezi mingi kabla ya korosho kuuzwa. Katika msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Mwezi Januari shule zinafunguliwa na sare zinatakiwa, wakati chakula ghalani kinapungua na mavuno mapya bado. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kuna pia taabu ya maji. Kumwambia mama wa namna hii "acha mawazo" hakumpunguzii mzigo.

Biblia inatufundisha nini?

Katika 1 Samweli sura ya 1 tunasoma habari za Hana. Alichokozwa nyumbani mwaka hata mwaka, akawa analia na hali chakula. Kuhani Eli alipomwona hekaluni alimdhania amelewa. Baadaye alimsikiliza na kumwombea amani. Hapo Hana alikwenda zake, akala, na uso wake ukabadilika. Alikula kabla ya kumpata mtoto aliyemwomba. Kusikilizwa kulimrudishia nguvu.

Jambo hili limejaribiwa pia katika afya ya jamii. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Profesa Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi karibu na zahanati, kuwasikiliza wenye mawazo mengi na kuwasaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Utafiti wao uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tunapendekeza nini?

1. Mama aliyepungua bila kukusudia, kwa mfano kutoka kilo 60 hadi 57 au chini katika miezi sita, apelekwe kituo cha afya. Kifua kikuu, kisukari, VVU na ugonjwa wa tezi ya shingo vipimwe kwanza. Tusiseme ni mawazo kabla ya vipimo.

2. Anayeshauriwa kupunguza uzito asishinde njaa. Anayeruka mlo wa mchana mara nyingi hula zaidi usiku. Apunguze kiasi cha ugali, mafuta na sukari, aongeze kunde, mbaazi na kisamvu, na apumzike vya kutosha. Familia nzima ile hivyo pamoja naye.

3. Kila usharika uchague akina mama wawili au watatu wenye kutunza siri, wafundishwe kusikiliza na kujua nani wa kupelekwa hospitali mapema, hasa anayetamka kutaka kufa.

4. Waume washirikishwe, kwani mawazo mengi yanatokana na fedha na kazi za nyumbani.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii haihitaji majengo. Inahitaji mizani, vipimo vya shinikizo la damu, mafunzo na nauli ya wagonjwa. Kwa kamati za usharika: tunaomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya kikao chenu kijacho, na majina ya akina mama wasikilizaji yaletwe ofisini kwetu.