Ulaini wa sura uko ukingoni

Mwaka 1650, akiwa Roma, mchoraji wa Kihispania Diego Velázquez alimchora Juan de Pareja, mtumwa aliyekuwa msaidizi wake karakanani. Mwaka huohuo akamwandikia hati ya uhuru, na Pareja naye akaja kuwa mchoraji kwa jina lake. Picha ile sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Anayejifunza kuchora sura laini kwa rangi za mafuta aitazame hiyo kwanza, hasa kama anataka kuchora ngozi nyeusi.

Kola nyeupe imepakwa kwa mikwaruzo ya haraka, karibu ya ovyo. Nywele nazo hazina mpaka. Zinayeyukia kwenye kijivu cha nyuma. Lakini pale mwanga unapopiga paji la uso na pua, rangi imewekwa kwa uhakika na kuachwa hapohapo. Wanaoanza hudhani ulaini ni kusugua brashi kila mahali, ndiyo maana sura zao hutoka hazina mifupa. Chagua kingo chache za kuacha kali, nyingine uzififishe.

Kabla ya rangi, chora kwa mkaa. Fumba macho nusu ili kope na midomo vipotee, yabaki mafungu ya mwanga na kivuli. Mafungu hayo yakikosewa, hakuna rangi itakayookoa picha. Na mtu awe mbele yako, karibu na dirisha. Picha ya simu haisaidii sana: siku hizi simu yenyewe imeshalainisha ngozi kabla hujashika brashi.

Rangi hazihitaji kuwa nyingi. Anders Zorn wa Sweden alisifika kwa kuchora sura kwa nne tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Kwa ngozi nyeusi, usitie kivuli kwa nyeusi tupu, uso utakuwa kama umepakwa masizi. Kivuli kipe wekundu wa kahawia. Mng'ao wa shavuni, kama mwanga unatoka angani, uelekee ubuluu.

Tabaka la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini, ya juu yaongezewe mafuta ya kitani, la sivyo rangi itapasuka. Vanishi isubiri miezi 6 hivi. Mteja anayetaka picha ya harusi Jumamosi hii, mchoree kwa penseli.